Tiketi za Mama Nice

Kabla kiwanda cha magunia hakijauzwa, watoto wa Ilkeriani walikuwa na uwanja. Haukuwa uwanja wa kujivunia. Nusu yake ilikuwa majani na nusu vumbi, na goli moja lilikuwa na mlingoti mmoja tu. Lakini ulikuwa nyuma ya kiwanda, mbali na barabara, na mlinzi alikuwa akiwaacha watoto waingie kuanzia saa kumi jioni. Mwaka tisini na tatu kiwanda kikauzwa kwa mtu binafsi. Mnunuzi akaja na seng'enge, kisha makontena, kisha mbwa wawili. Wafanyakazi mia moja na zaidi wakapewa barua za kupunguzwa kazi. Watoto, ambao hakuna aliyewaandikia barua, wakahamia ukingoni mwa barabara ya Nairobi.

Ilkeriani ni mji mdogo, ukishapita Ngaramtoni. Mimi nilikuwa fundi cherehani pale, na kibanda changu kilipakana na kibanda cha mitumba cha Aika. Ndiyo maana nayajua haya. Mengine niliyaona, mengine alinisimulia mwenyewe.

Aika alizaliwa Machame, akaolewa na Ephraimu, fundi mitambo wa kile kiwanda. Ephraimu alipopunguzwa kazi, nyumba ilihamia mabegani mwa Aika na mitumba yake ya nguo za watoto. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono mepesi. Angeweza kukunja gauni huku akizungumza na mteja, huku akimfunga kamba ya kiatu mtoto asiye wake. Walikuwa na mabinti wawili, Nice wa miaka tisa na Sia wa miaka mitatu.

Siku ile ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tatu, mwaka tisini na nne. Wasichana walikuwa wakicheza rede: wawili wanarushiana mpira wa soksi, mmoja yuko katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Aliyekuwa katikati alikuwa Nice. Mpira ukaruka ukaangukia lami, naye akaufuata. Lori la saruji lilikuwa linatoka upande wa Namanga.

Nilisikia breki. Nilipotoka, Aika alikuwa ameshafika. Hakulia. Alikuwa amepiga magoti barabarani, anawasukuma watu kwa mkono mmoja, anasema, "Mpeni hewa. Jamani, sogeeni, mtoto anataka hewa." Sisi wote tulikuwa tunaona kwamba yule mtoto hakuhitaji tena hewa. Dereva alikaa chini kando ya gurudumu la lori lake na kushika kichwa, wala hakujaribu kukimbia, mpaka polisi walipokuja kumchukua.

Wakamzika Nice Machame, kihambani, kwenye migomba ya ukoo. Baada ya wiki tatu Aika akarudi. Siku hiyohiyo ya kurudi, saa kumi na nusu, aliinua macho kutoka kwenye nguo zake akawaona wasichana walewale, mahali palepale, wanarushiana mpira.

Alichukua fimbo ya kutundikia nguo akawafuata. Akawatawanya kama kuku. Kesho yake walikuwa wamesogea mbele hatua hamsini, karibu na kalvati. Akawafuata tena. Siku ya tatu msichana mmoja, mtoto wa jirani yao, alisimama badala ya kukimbia. Hakuwa na jeuri. Aliuliza tu:

"Mama Nice, tukachezee wapi?"

Aika alibaki na fimbo mkononi. Shule ilikuwa mbali, na lango lake lilifungwa masomo yakiisha. Nyumba za Ilkeriani zimebanana, kati ya ukuta na ukuta kuna mfereji. Kiwandani kuna mbwa. Aliniambia baadaye kwamba alitafuta jibu kichwani mwake kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, akakosa, akarudi kibandani akakaa. Siku ile hakuuza kitu.

Kuanzia hapo hakupata usingizi. Si kwa sababu ya Nice peke yake. Alikuwa anamtazama Sia anavyokua. Mchana alimfungia ndani, na mtoto akawa analia nyuma ya mlango mpaka majirani wakaanza kusema. Ephraimu akamwambia, "Mama Nice, huwezi kumfunga mtoto kama mbuzi."

"Niambie basi nimfungulie aende wapi."

Ephraimu alitoka nje akakaa. Tangu apunguzwe kazi alikuwa mtu wa kukaa kizingitini.

Chini ya nyumba zetu, upande wetu huuhuu wa barabara, kulikuwa na shamba la mahindi la Mzee Saning'o, Mwarusha wa pale tangu enzi za babu zake. Aika alimwendea asubuhi moja. Mzee alikuwa anapalilia.

"Takwenya," mzee akamsalimu.

"Iko," akajibu, kwa sababu miaka kumi ya kuishi pale ilikuwa imemfundisha salamu za Kiarusha. Kisha akamwambia shida yake bila kuzunguka. Alitaka kipande cha shamba, robo eka tu, pale juu penye tambarare, watoto wachezee.

Saning'o aliegemea jembe, akamwita mama kwa Kiarusha. "Yeyo, mimi nilikuwepo siku ile barabarani. Ningekuwa peke yangu ningekupa bure. Lakini wanangu wanataka kununua pikapu, na kuna mtu wa mjini amekuja anataka kujenga baa. Ametaja laki sita."

"Nipe muda."

"Mpaka mwisho wa mwezi wa tisa nitaweza kuwazuia. Zaidi ya hapo watanigombeza." Akafikiri kidogo, halafu akasema, "Na nina mtamba mmoja, wa kizungu, ana mimba. Huyo ni wangu, si wa watoto. Nitakupa. Fanya naye utakalo."

Ndipo lilipoanza wazo la bahati nasibu. Mtamba wa maziwa ndiyo ndoto ya kila nyumba kule kwetu. Tukikata tiketi elfu tano, kila moja shilingi mia mbili, ardhi itapatikana, na itabaki ya seng'enge na mageti. Tukaunda kamati ya wanawake saba, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Mahali pa kwanza alipokwenda ni kanisani. Mchungaji alimpenda Aika. Ndiye aliyepanda gari mpaka Machame kumzika mtoto. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Mama Nice, harambee nitaitangaza hata Jumapili hii. Lakini hii ni kamari. Mtu anatoa mia mbili akitamani ng'ombe wa mtu mwingine. Siwezi kuisimamia."

"Mchungaji, harambee ya bati imechukua miaka mitatu na bado tunanyeshewa. Mimi nina miezi mitano."

"Najua."

"Na kama mtoto mwingine atakufa kabla ya harambee kutimia?"

Mchungaji alimsindikiza mpaka mlangoni. "Usiuzie tiketi kwenye uwanja wa kanisa," akasema mwishowe. "Nje ya geti sitakuuliza." Aika aliondoka akiwa amechomwa. Alikuwa mwimbaji wa kwaya tangu utoto, na ilikuwa mara yake ya kwanza kufanya jambo ambalo kanisa limemkataza. Siku kadhaa alisita. Kisha akaenda mjini kuchapisha tiketi.

Tuliuza kila mahali. Siku za soko tulikwenda Ngaramtoni, Aika akimfunga yule mtamba kamba, akimsimamisha pembeni ya wauza maharage. Wakulima wakaja kumpapasa kiwele, wafugaji wakamfungua mdomo kutazama meno. Hakuna aliyeuliza habari za uwanja. Waliuliza, "Anatoa lita ngapi mamake?" Aika alikuwa anawaeleza kuhusu watoto na barabara, nao wakimsikiliza kwa heshima huku macho yakiwa kwa ng'ombe. Haikumuumiza. Ilimradi wananunua. Katikati ya mwezi wa nane tulikuwa tumeuza zaidi ya tiketi elfu tatu, na Aika akaanza kula vizuri. Nilimsikia siku moja akiimba huku akipanga nguo.

Wiki hiyo ndipo Lemayian alipokuja.

Lemayian alikuwa afisa mapato wa halmashauri ya mji wetu mdogo wa Ilkeriani. Mtu wa makamo, mpole, aliyezoea kuzomewa sokoni. Alichukua tiketi moja mezani, akaisoma mbele na nyuma.

"Hii ni bahati nasibu, mama?"

"Ni ya uwanja wa watoto."

"Nimeuliza kama ni bahati nasibu."

"Ndiyo."

Akatoa karatasi kwenye mkoba. Kulikuwa na sheria ndogo mpya, iliyopitishwa mwaka uliopita, akasema, kwa sababu siku hizi kila mtu anafungua biashara yake na halmashauri haipati kitu. Mchezo wowote wa kubahatisha ulipaswa kulipa kodi. Robo ya thamani ya tiketi zote zilizochapishwa. Si zilizouzwa, zilizochapishwa. Na ilipwe kabla ya kuchezeshwa, vinginevyo hakuna muhuri, na bila muhuri ni kosa la jinai.

Aika hakuwa mwepesi wa hesabu lakini hii aliipata mara moja. "Laki mbili na nusu?"

"Ndiyo, mama."

"Lakini hii siyo biashara. Ni sadaka."

"Kama ni sadaka, ulete cheti cha usajili wa chama chenu. Vyama vilivyosajiliwa vinasamehewa."

"Kinapatikana wapi?"

"Dar es Salaam. Kinachukua miezi sita, saba hivi."

"Na hiyo kodi inakwenda wapi?"

Lemayian alirudisha karatasi mkobani. Naamini aliona aibu. "Kuna mfuko. Mfuko wa burudani na michezo. Ni wa kujenga viwanja vya kuchezea."

Aika alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya. "Baba, unachukua fedha za uwanja wa watoto ili mkajenge uwanja wa watoto?"

"Mimi sijengi, mama. Mimi nakusanya."

Tulikwenda ofisini mara tano. Mara ya kwanza mwenyekiti wa halmashauri alikuwa mkutanoni Arusha. Mara ya pili tuliambiwa tuandike barua. Ya tatu, barua ilikuwa haijafika mezani. Mara ya nne mwenyekiti mwenyewe alitupokea, akatuagizia chai, akatusifu sana, akasema wanawake kama sisi ndio nguzo ya taifa, na kwamba sheria haiwezi kumpendelea mtu. "Mlipe tu," akasema, "halafu muombe kwenye mfuko. Mfuko ni wenu." Mara ya tano Aika alikwenda peke yake. Alikaa kwenye benchi ya nje kuanzia saa mbili asubuhi mpaka ofisi ilipofungwa, hakuna aliyemwita.

Aliporudi alikuja kibandani kwangu, akakaa juu ya rundo la vitambaa. Midomo ilikuwa imekauka.

"Wamenifunga," akasema. "Nikiahirisha, watu elfu tatu watasema nimewaibia. Nikichezesha bila muhuri, napelekwa mahakamani na ng'ombe anachukuliwa. Nikilipa, ardhi haitoshi."

"Tufanyeje?"

"Niambie wewe." Akaanza kujipiga kifuani kwa ngumi, taratibu, kama anayegonga mlango wa mtu mgonjwa. "Niambie wewe, maana mimi akili imekwisha."

Alilipa. Lemayian akagonga muhuri vishina vya tiketi zote, kimoja baada ya kingine, hata vya zile ambazo hazingenunuliwa kamwe. Ili kuziba pengo Aika aliuza mitumba yake yote kwa bei ya kutupa, pamoja na meza na mbao za kibanda. Ephraimu, bila kuambiwa, aliuza boksi lake la spana alilopewa kiwandani, akaweka fedha juu ya kitanda na kutoka nje. Mimi nilitoa nilichokuwa nacho. Bado zilipungua karibu laki moja na nusu.

Siku ya kuchezesha, Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa tisa, watu walijaa mpaka barabarani, na Aika alikuwa anahangaika zaidi na waliosimama kwenye lami kuliko na pipa la tiketi. Kila lori lilipopiga honi alishtuka mwili mzima. Aliyechota tiketi alikuwa mama mmoja kipofu tuliyemwomba, ili pasiwe na maneno. Ng'ombe akaenda kwa Soila, muuza maziwa wa Ngaramtoni, mjane, aliyenunua tiketi moja tu.

Soila alipopewa kamba alilia. Kisha watu walipotawanyika alimfuata Aika.

"Dada, nimesikia ardhi haijatimia. Mchukue ng'ombe. Muuze. Mimi nilikuwa sina ng'ombe jana, na kesho pia ninaweza kuwa sina."

Nilimwona Aika akimtazama yule mtamba. Alikuwa na thamani ya kutosha kabisa, na ziada. Alinyoosha mkono akaigusa kamba. Kisha akaurudisha.

"Siwezi," akasema. "Watu wakiona ng'ombe amerudi kwangu watasema tulipanga. Na mimi niliapa mbele yao. Nenda naye, Soila. Nenda upesi."

Alipokwenda kwa Saning'o na fedha pungufu, mzee alizishika akazirudisha. Alikuwa amewaomba wanawe wiki moja zaidi, na walikuwa wamempa, na wiki hiyo nayo ilikwisha. Mtu wa mjini alileta fedha taslimu. Siku ya Jumatatu mahindi yakafyekwa, Jumatano yakaja matofali. Saning'o hakupita tena mbele ya vibanda vyetu. Alikuwa anazungukia nyuma, kwa aibu.

Fedha zilizobaki Aika hakuzigusa, hata siku ambazo nyumbani kwake walikunywa uji asubuhi na jioni. Ziliwekwa posta kwa jina la kamati. Akaandika barua ya maombi kwenye mfuko wa burudani na michezo, kama mwenyekiti alivyomshauri. Miezi ikapita. Mwaka tisini na tano ukaingia. Sia alikuwa amejifunza kufungua komeo la mlango.

Jibu lilikuja mwezi wa nne, mistari mitatu. Fedha za mfuko kwa mwaka huo zilikuwa zimekwisha kutumika. Aombe mwaka ujao.

Baraza la madiwani lilikuwa linakutana siku ya Ijumaa kwenye ukumbi mpya wa burudani, pale karibu na ofisi. Wananchi wanaruhusiwa kusimama nyuma na kusikiliza, si kusema. Tulikwenda wanne. Walikuwa wanasoma mapato, mnada wa ng'ombe kiasi fulani, ushuru wa mazao kiasi fulani. Aika alisimama kimya mpaka waliposema wanaendelea na ajenda nyingine. Ndipo akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Naomba kuuliza mfuko wa michezo ulipokwenda."

"Mama, mwananchi haruhusiwi," mwenyekiti akasema.

"Nilifiwa na mtoto barabarani. Nikachangisha niwatafutie wenzake pa kuchezea. Mkachukua robo. Nimeomba, mmesema zimekwisha. Zimekwishia wapi?"

Diwani mmoja alisema atolewe. Mwingine akasema ajibiwe, yaishe. Mwenyekiti akamwonyesha Lemayian kidole. "Afisa mapato, jibu kwa kifupi."

Lemayian alisimama, akafungua daftari lake. Angeweza kusema lolote. Alisoma kilichoandikwa. "Michezo ya kubahatisha na burudani. Makusanyo ya mwaka, laki mbili na nusu. Walipaji," akakohoa, "mmoja."

"Mmoja nani?"

"Huyo mama."

Kila mtu mle ndani alijua baa nne za Ilkeriani zilizokuwa na meza za pool na mashine za kutumbukiza sarafu, na wengine walijua mbili kati ya hizo ni za nani. Lemayian aliendelea, bila kuinua macho, kwa sauti ileile ya kusoma: "Matumizi. Samani za ukumbi wa burudani. Viti vya plastiki, arobaini."

Madiwani walikuwa wamevikalia.

Aika aliangalia vile viti, vyeupe, bado vina karatasi za dukani miguuni. Kisha akatembea katikati ya ukumbi. Mstari wa mbele kulikuwa na kimoja kitupu, cha diwani ambaye hakufika. Akakikalia. Ndipo alipolia, kilio ambacho hakukilia barabarani wala Machame, mdomo wazi, mikono imeng'ang'ania pande za kiti. Mgambo wawili walikuja kumnyanyua. Walimnyanyua pamoja na kiti.

"Niacheni," alikuwa anasema. "Niacheni nikae. Hiki ni changu. Watoto wamekinunua."

Hawakuthubutu kumburuta. Kikao kikasimama karibu nusu saa huku mwanamke analia katikati yake, na wanaume wazima wanatazama viatu vyao. Mwishowe mwenyekiti, ili amalize, akasema watoto waruhusiwe kutumia uwanja wa mnada siku zote ambazo hakuna mnada. Bila malipo. Barua itaandikwa, ya mwaka mmoja mmoja.

Makofi yakapigwa. Nadhani walijipigia wenyewe. Uwanja wa mnada uko ng'ambo ya barabara ya Nairobi.

Kamati ilipokutana wengi tulisema tuikatae ile barua. Ilikuwa dhihaka. Kuwaondoa watoto barabarani, halafu kuwaambia wavuke hiyohiyo barabara ndipo wakacheze! Aika aliinama, anaisoma tena na tena. Alikuwa amekonda sana miezi ile, mifupa ya shingo inaonekana.

"Barabara wanaichezea kila siku," akasema. "Tukiwavusha, watakuwa barabarani mara mbili tu. Kwenda na kurudi."

"Nani atawavusha?"

Aliikunja ile barua akasimama.

Fedha za posta zilijenga ua wa seng'enge upande wa mnada unaoelekea lami. Wanawake walizoa mavi ya ng'ombe wiki nzima. Jumatatu ya kwanza, saa kumi jioni, watoto kama arobaini walipanga mstari. Aika alikuwa na sweta jekundu la mtumba mkononi. Mimi nilikuwa ng'ambo, kuwapokea.

Alitoka hatua tatu akasimama juu ya mstari mweupe. Kutoka upande wa Namanga lilikuwa linakuja semi, limeshehena. Akainua sweta. Dereva akapiga honi. Aika hakusogea. Nikamwita, "Aika, toka! Toka, litakukanyaga!" Hakunisikia, au hakutaka. Breki zikalia, sauti ileile, na semi likasimama mbali naye kama hatua nane, linapumua. Utingo akatoa kichwa dirishani akamtukana tusi ambalo siwezi kuliandika.

"Piteni," Aika akawaambia watoto, bila kugeuka. "Msikimbie. Piteni."

Walipokwisha wote alivuka nyuma yao, akaenda pembeni ya ua, akatapika.

Saa kumi na mbili aliwarudisha. Kesho yake tena. Madereva wa barabara ile wakamzoea. Wengine wakaanza kupunguza mwendo kabla hajainua sweta, wengine hawakupunguza kamwe. Mara mbili aliruka mwenyewe akaangukia mtaroni. Kibanda alikifungua upya, kidogo kuliko cha zamani, lakini kila siku saa kumi alikifunga, wateja wawepo wasiwepo. Ephraimu alipata kibarua kwenye gereji ya Sombetini, wakapata kula. Kila mwaka ilibidi Aika arudi ofisini kuomba ile barua, na kila mwaka waliichelewesha. Baa za mji, nasikia, ziliendelea kutolipa. Lemayian alihamishiwa sehemu ya ushuru wa kuni.

Mwaka tisini na saba Sia alianza darasa la kwanza, akaanza kudai kuvuka na wenzake. Aika alimkatalia. Aliwavusha watoto wa watu wote, wake akabaki kwenye kibanda changu, amekaa chini ya cherehani, anauliza kila dakika kwa nini. Ilikwenda hivyo karibu miezi miwili. Siku moja Ephraimu alitoka gereji mapema. Alimshika Sia mkono, akamleta mpaka ukingoni mwa lami, akamweka mwishoni mwa mstari.

"Mvushe na huyu," akamwambia mkewe.

Aika alitikisa kichwa. "Baba Nice, usinifanyie hivi."

"Akae chini ya cherehani miaka yote? Mvushe."

Malori mawili yalikuwa yamesimama tayari, yanangoja. Aika alisimama katikati yao na sweta lake juu, watoto wakapita mbele yake, na Sia akapita wa mwisho, taratibu kama walivyofundishwa, mikono nyuma. Nilimpokea ng'ambo, akanichomoka mkononi akakimbilia wenzake.

Kwa kawaida Aika alirudi kibandani kwangu kusubiri saa kumi na mbili. Siku ile hakurudi. Alibaki pale getini muda wote, ameupa uwanja mgongo, sweta amelikunja kwapani. Jua lilikuwa bado kali. Nyuma yetu wasichana walikuwa wanapiga kelele za kucheza, na sauti ya Sia ilikuwa juu ya zote.

Nilimwambia, "Geuka basi umwone anavyocheza."

"Wewe mwangalie," akasema. "Mimi naangalia barabara."